Mafundi wa matangazo ya mtandaoni wajadiliane kwa Kiswahili

Ukipita Musanda, upande wa Mumias katika Kaunti ya Kakamega, siku za Ijumaa na Jumamosi, si ajabu kukuta kwenye uwanja wa mazishi vijana wawili au watatu wamesimama kando ya hema, mbali kidogo na mhubiri na mbali zaidi na sufuria za wapishi. Mbele yao pana simu iliyofungwa juu ya stendi ya miguu mitatu, kompyuta ya mkononi juu ya meza ya plastiki, na nyaya zinazotambaa nyasini hadi kwenye jenereta. Hao si wapiga picha wa kawaida waliokuja kuuza picha za kumbukumbu. Ni mafundi wa matangazo. Wanayoyanasa pale yanaonwa, wakati uo huo au karibu na wakati uo huo, na jamaa walioko Nairobi, Doha na Marekani ambao hawakupata nauli au hawakupewa ruhusa kazini. Desturi hii ilishika mizizi mwaka 2020, serikali ilipopunguza idadi ya waombolezaji kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Amri zilipoondolewa, desturi ilibaki.

Kama inafaa kutangaza mazishi kwa njia hii au haifai, hilo nawaachia wazee na viongozi wa dini. Mimi ni mtu wa lugha, na hoja yangu inahusu lugha ya mafundi hao. Wasikilize wanaposhauriana. Kiswahili huanza vizuri, "Hebu angalia hapa," kisha penye kiini cha jambo hukatika; Kiingereza huingia neno baada ya neno, na mwishowe Kiwanga huja kuufunga mjadala. Likitokea tatizo, hali huwa mbaya zaidi. Mzee mwenye msiba hupigiwa simu na mwanawe aliye ng'ambo kwamba picha imeganda, naye huja kuuliza kulikoni. Hujibiwa: "Mzee, ni netiweki tu."

Jibu hilo si uongo, lakini si jibu. Huenda simu inayopeleka picha haipati nguvu ya kutosha ya mawimbi pale uwanjani. Huenda kompyuta imezidiwa na kazi ya kuibana picha. Huenda kasoro iko kwa mtazamaji mwenyewe kule aliko, na wenzake wote wanaona barabara. Hayo ni maradhi matatu yenye dawa tatu, na fundi anayeyaita yote "netiweki" ni sawa na mganga anayeita kila ugonjwa "homa". Baadhi ya vijana hao wanaijua tofauti. Mikono yao inaijua, kwa maana utawaona wakibonyeza mahali panapostahili. Wasichokuwa nacho ni mazoea ya kuisema. Na fundi asiyeweza kuusema ujuzi wake hawezi kumfundisha mwenzake ila kwa kumwonyesha kidole.

Watu wa aina yangu wanapoliona jambo hili hukimbilia kuunda istilahi. Tumekuwa tukifanya hivyo kwa muda mrefu. Walimu wenzangu wanaokumbuka kurasa za magazeti ya Kiswahili katika miaka ya 1980 na 1990 watakumbuka mizozo iliyotuchosha: iwe kompyuta, au tarakilishi, au ngamizi, iwe televisheni, au runinga aliyotuletea marehemu Sheikh Ahmed Nabhany kutoka katika hazina ya lahaja za kaskazini mwa pwani. Sisemi mizozo hiyo ilikuwa bure. Lakini nadai kwamba, kwa habari ya teknolojia ya mtandao, kinachotupungukia sasa si istilahi. Kinachotupungukia ni mjadala. Orodha za maneno tunazo. Watu wanaobishana kwa maneno hayo wakiwa kazini hatuna, au tunao wachache mno.

Hebu tujaribu kulieleza jambo lenyewe kwa Kiswahili, tuone kama lugha itatuangusha.

Redio ya kawaida hutangaza kwa mawimbi. Mtambo mmoja hupeleka mawimbi angani, na kila mwenye redio ndani ya eneo lile huyanasa. Wasikilizaji wakiwa 10 au 100,000, mtambo haujui na wala hautumii umeme zaidi. Ni kama ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho, upande wa pili wa kaunti yetu, ngoma ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka: ikipigwa, inasikiwa na kila aliye karibu, aliyealikwa na asiyealikwa. Ndiyo maana kitenzi chetu, kutangaza, kinafaa sana kwa redio. Jambo linatangaa, yaani linaenea lenyewe.

Mtandaoni hakuna kinachoenea chenyewe. Kila mtazamaji huletewa nakala yake, kama jirani anavyopelekewa sahani yake ya chakula nyumbani kwake. Tuseme picha ya wastani inahitaji megabiti 2.5 kwa sekunde. Wakiwa watazamaji 200, mahali fulani panahitajika uwezo wa kupeleka megabiti 500 kwa sekunde, na hakuna simu ya Musanda yenye uwezo huo. Kwa hiyo kijana wetu hupeleka nakala moja tu, kwenye seva za YouTube au Facebook, na seva hizo, zilizo nyingi na zilizotawanyika duniani, ndizo zinazojaza zile sahani 200. Ibada ya saa tatu kwa kasi hiyo humgharimu megabaiti 3,375, yaani zaidi kidogo ya gigabaiti 3, na hiyo ndiyo hesabu anayopaswa kumpa mwenye msiba kabla ya kununua bando, si baada ya bando kwisha katikati ya risala ya rambirambi.

Picha nayo haisafiri nzima. Kompyuta huibana kwanza, maana ikiachwa ilivyo haibebeki. Kazi hiyo twaweza kuiita kusimba, na programu inayoifanya kisimbaji. Katika mbinu moja inayotumika sana, iliyotolewa na kampuni ya Apple mwaka 2009, picha iliyosimbwa hukatwa vipande vya sekunde chache, mara nyingi 6, na chombo cha mtazamaji huviomba kimoja baada ya kingine. Ili picha isikatike kila mara mawimbi yanapolegea, chombo hicho huweka akiba kwanza, tuseme vipande vitatu, ndipo kianze kuonyesha. Vipande vitatu vya sekunde 6 ni sekunde 18. Ndiyo maana aliye Doha huona jeneza likishushwa wakati waliopo kaburini wameshaanza kurusha udongo. Huko ni kuchelewa, na si kasoro. Ni bei ya ile akiba. Akiba ikiisha kabla ya vipande vingine kufika, picha huganda. Huko ni kukwama, na ndiyo kasoro. Ukitaka kupunguza kuchelewa, punguza akiba. Ukipunguza akiba, umekaribisha kukwama. Fundi huchagua.

Msomaji atakuwa ameona kwamba sikuhitaji kamusi maalumu. Nimetumia kubana, kukata, kipande, akiba, kuchelewa, kukwama, maneno ambayo mtoto wa darasa la nne anayajua, pamoja na maneno machache ya kukopa ambayo yamekwisha kuzoea mazingira yetu. Isitoshe, kuna mahali ambapo Kiswahili kinatupa mwanga kuliko lugha tuliyolipokea jambo hili kutoka kwake. Wanafunzi wangu wengi hudhani kutiririsha na kutangaza mubashara ni kitu kimoja, kwa kuwa wameyasikia yakitajwa pamoja kwa Kiingereza kila siku. Kwa Kiswahili ni maneno mawili yenye asili mbili. Mubashara tumelitoa kwa Waarabu, nalo linahusu wakati: jambo linaonwa linapotendeka. Kutiririsha ni la nyumbani, kutoka kwa maji yanayotiririka, nalo linahusu namna ya kufikisha: unatazama huku vingine vinaendelea kuja, bila kungoja mtungi mzima ujae. Mechi inayotangazwa redioni ni mubashara na haitiririshwi. Filamu ya mwaka jana unayoitazama kwa simu inatiririshwa na si mubashara. Mazishi ya Musanda ni yote mawili. Mwanafunzi aliyelielewa hilo amekwisha kuelewa nusu ya somo.

Nami nakiri upendeleo: silipendi "moja kwa moja" kwa maana hii, ijapokuwa ndilo lililozoeleka kwa watangazaji wengi wa Kenya. Limebebeshwa kazi nyingi mno. Hutumika kwa njia iliyonyooka, kwa mashine inayojiendesha, na kwa mtu aliyekwenda asirudi. Ila kama mafundi wakilichagua wao, sitakwenda mahakamani.

Yapo yanayonifanya niamini kwamba mjadala ndio mzazi wa istilahi, wala si kinyume chake. Nendeni katika gereji yoyote ya jua kali, iwe Mumias, Kakamega mjini au Gikomba. Mtasikia gari likipimwa na kuhukumiwa kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho: klachi inateleza, plagi zimeungua, gia haiingii, breki zinashika upande mmoja, kabureta imeziba. Hakuna kamati iliyokaa Nairobi au Dar es Salaam kuwapa mafundi hao neno "kabureta". Walilikuta, wakalitia irabu, wakaliweka katika ngeli, wakaendelea na kazi. Aliyejifunza ufundi hapo hakulazimika kwanza kufaulu Kiingereza. Alisikia mabishano ya wakubwa wake, akauliza, akakaripiwa, akajua.

Watangazaji wa redio nao ni hivyo hivyo. Redio ilianza Nairobi mwaka 1928, na ilianza kwa kuwahudumia walowezi kwa lugha yao. Kiswahili kilipoingia studio, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na baadaye, hakikukuta msamiati uliotayarishwa. BBC ilipoanza idhaa yake ya Kiswahili mwaka 1957 ilikuwa ni lazima taarifa isomwe leo, si baada ya kikao cha mwezi ujao. Idhaa, masafa, mitambo, kipaza sauti, kinasa sauti, fundi mitambo: mengine yalitoka Uarabuni, mengine yaliundwa, mengine yalinyoshwa maana, na yote yalipata uraia kwa kutumiwa kila siku na watu waliokuwa na haraka. Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, hakungoja kuambiwa namna ya kueleza mpira uliogonga mwamba. Mpira ulikuwa umekwisha kugonga, na nchi nzima ilikuwa inasubiri.

Linganisha hayo na maneno yaliyoundwa na watafsiri wa programu wakiwa peke yao mbele ya orodha. Mazuri yapo. Kupakua na kupakia yameshinda, na sababu ya kushinda kwao i wazi: mama amekuwa akipakua ugali, na baharia akipakia na kupakua shehena, karne nyingi kabla ya kompyuta. Vidakuzi nalo ni neno la kuchekesha na la kweli kupita lile la Kiingereza, ambalo linataja biskuti tu. Letu ni la ukoo wa mdaku na udaku, na kazi ya vidakuzi ni hiyohiyo ya kupeleka habari zako kwa wengine. Lakini nenda ukamwulize fundi yeyote maana ya "kipimo data", tafsiri inayojitokeza katika baadhi ya programu badala ya upana wa njia inayopitisha data. Hatajua, nami simlaumu. Neno hilo halijawahi kubishaniwa na mtu mwenye njia iliyoziba. Lingalibishaniwa, lingalikufa siku ile ile na lingine lingalizaliwa.

Hapa sharti niitaje juhudi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho katika mradi wa Kilinux kilitoa mwaka 2004 programu ya ofisi iitwayo Jambo OpenOffice, yenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima. Hata hivyo iliwalenga watumiaji: yule anayeandika barua, anayechapa ripoti. Na huo ndio mpaka ambao Kiswahili kimewekewa hadi sasa. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 ilikuwa na jina lenye Kiswahili ndani yake, na wateja wakatuma na kutoa pesa kwa Kiswahili. Ushahidi, programu iliyoundwa na Wakenya mwanzoni mwa mwaka 2008 kukusanya na kuweka kwenye ramani taarifa za ghasia zilizofuata uchaguzi, imetumika katika nchi nyingi za mbali, na jina lake ni letu kabisa. Lakini maelezo ya waundaji wake kwa waundaji wenzao yaliandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili kimekuwa lugha ya kubandika mlangoni. Ndani ya nyumba kunasemwa lugha nyingine.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba programu huandikwa kwa Kiingereza duniani kote, kwamba maelezo ya zana zenyewe, za OBS Studio wanayoitumia hao vijana wa Musanda, za FFmpeg iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000, ni ya Kiingereza, na kwamba kijana atakayejifungia katika Kiswahili hatapata kazi. Hoja hii ina uzito na haifai kupuuzwa. Lakini inachanganya mambo mawili, nayo ni maneno ya amri yaliyo ndani ya programu na mazungumzo ya watu juu ya programu hiyo.

Lugha ya Python ilitolewa mwaka 1991 na Guido van Rossum, Mholanzi, akiwa Amsterdam, na amri zake ni za Kiingereza. Hakuna aliyewaambia Waholanzi waache kuzungumza Kiholanzi kazini. Mfano mkubwa zaidi ni Ruby. Muundaji wake, Yukihiro Matsumoto, aliitoa hadharani huko Japani mwishoni mwa mwaka 1995. Amri zake pia ni za Kiingereza. Lakini kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya maelezo yake na ya mabishano juu yake ilikuwa kwa Kijapani. Wajapani waliijadili, wakaikosoa, wakaipiga msasa katika lugha waliyoimudu, na ilipotoka nje ilikuwa imekomaa. Mwaka 2004 David Heinemeier Hansson, Mdenmarki, akatoa Rails, chombo cha kujengea tovuti kilichosimama juu ya Ruby, nacho kikaenea duniani. Sasa jiulize: kama Matsumoto na wenzake wangaliambiwa kwamba hawana ruhusa ya kubishana mpaka Kiingereza chao kiwe safi, je, tungaliipata Ruby?

Maneno ya amri katika lugha ya kompyuta hayazidi darzeni chache. Mwanafunzi wa Musanda aliyekwisha kukariri majina ya mito ya Ulaya hawezi kushindwa na hayo. Kinachomshinda ni maelezo: kwa nini mzunguko huu haukomi, kwa nini seva imekataa ombi, kwa nini sauti imetangulia picha. Hayo ni mambo ya "kwa nini", na "kwa nini" huulizwa kwa lugha ambayo mtu haoni haya akikosea.

Wengine watauliza, mbona si Kiwanga basi? Swali ni la haki. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Lakini kifungu hicho hicho kinaitaka dola ikuze lugha za wananchi pia. Mafundi wa Musanda wakielewana kwa Kiwanga, heri. Shida ni kwamba kikosi kimoja huwa na Mwanga, Mmarachi na Mjaluo, na fundi mwenzao mwenye jibu la tatizo lao huenda yuko Goma, au Tanga, au Bujumbura. Isitoshe, Kiswahili si mgeni wa jana katika sehemu hizi. Wafanyabiashara wa pwani walikwisha kufika kwa Nabongo na misafara yao katika karne ya 19, kabla reli haijafika Kisumu mwaka 1901. Lugha iliyotumika kupimia pembe za ndovu na kupangia bei haiwezi kushindwa kupimia megabiti.

Kuna jambo jingine jipya ambalo linafanya suala hili liwe la dharura. Mashine sasa zinafundishwa kusikia. Matangazo ya mtandaoni huanza kuandikiwa maneno chini ya picha na kompyuta yenyewe, na kompyuta hujifunza kutokana na sauti na matini zilizokusanywa. Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimo katika mradi wa Common Voice wa Mozilla, ambamo watu hujitolea kusoma sentensi kwa sauti. Hapa kwetu watafiti wa vyuo vikuu vya Maseno, Nairobi na Africa Nazarene, katika mradi wa Kencorpus, wamekusanya matini na sauti za Kiswahili, za Kijaluo na za lahaja tatu za Kiluhya, yaani Kimarachi, Kilogooli na Kibukusu. (Kiwanga hakikuwamo, labda wanafunzi wangu watalichukua hilo kama changamoto.) Mashine haiwezi kujifunza lisilosemwa. Tukiendelea kuhubiri na kusoma habari kwa Kiswahili huku tukifanya ufundi kwa Kiingereza kilichovunjika, tutapata mashine zinazojua Kiswahili cha mimbari na cha taarifa ya saa moja, zisizojua Kiswahili cha kazi.

Sasa niwageukie walimu. Katika somo la isimujamii tunawafundisha watahiniwa sajili: ya mahakamani, ya hospitalini, ya gereji, ya matangazo ya mpira. Tunawapa dondoo, tunawataka wataje sifa. Ni somo zuri, lakini sajili ya mafundi wa mtandao hatuigusi, na hatuigusi kwa sababu dondoo lenyewe hatuna. Wakati huo huo, katika chumba cha pili, mwalimu wa kompyuta anafundisha kwa Kiingereza peke yake kwa kuwa mtihani umeandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala iliidhinisha hata mafunzo ya kuandika programu kwa shule za msingi na za upili, ambayo nayo yalikuja kwa Kiingereza. Walimu hawa wawili hukutana wapi? Katika chumba cha walimu, wakinywa chai.

Ninalopendekeza halihitaji waraka wa wizara. Shule yoyote yenye kompyuta kuukuu mbili tatu na kifaa cha kugawa mawimbi ya mtandao wa ndani inaweza kuwa na redio yake bila kununua bando hata moja. Ipo programu huria iitwayo Icecast ambayo huifanya kompyuta moja kuwa seva ya sauti. Kompyuta ya pili, yenye kipaza sauti, hupeleka sauti kwake, na nyinginezo husikiliza. Sauti ya mazungumzo huhitaji kilobiti 64 kwa sekunde. Wasikilizaji 40 hawafiki hata megabiti 3. Hakuna mtandao wa nje unaohitajika, na wala hakuna mzazi atakayeitishwa mchango.

Wanafunzi wa Kiswahili waandae kipindi, wanafunzi wa kompyuta waandae mitambo, na walimu wote wawili wawepo. Sharti liwe moja tu: wakiwa kazini, mjadala wote uwe kwa Kiswahili. Neno likikosekana, wasinyamaze wala wasirudi kwenye Kiingereza kwa aya nzima. Walikope neno hilo moja, walitie irabu kama babu zao wa gereji walivyofanya, waendelee. Mmoja awe karani. Aandike katika daftari kila tatizo lililotokea, lilivyotajwa mara ya kwanza, lilivyotajwa mara ya mwisho baada ya ubishi, na lilivyotatuliwa. Kama wawili wamesema "akiba" na mmoja amesema "bafa", aandike yote mawili pamoja na nani alimshinda mwenzake na kwa hoja gani.

Daftari hilo lisisahihishwe kwa wino mwekundu. Mwisho wa mwaka likabidhiwe darasa linalofuata, na nakala yake ipelekwe kwa shule jirani yenye daftari lake. Nami nitashukuru kupata moja la kuwasomea wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu, ambao wamechoka kunisikia nikiwatolea mifano ya kabureta.